Printa Ikigoma, Uliza Kazi Imeishia Wapi

Maelezo kwa wenye steshenari, walimu na makatibu wa vyama vya msingi, Mtwara Mjini

Shikamooni wazee wetu. Wenzetu, habari za mchana. Ahsanteni kwa kuja, na waliotoka Newala, Tandahimba na Lindi poleni na safari.

Tumeombwa tuzungumzie printa inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa USB, pale kompyuta yenyewe inapotumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Tunajua kwa nini swali hili lina uzito huku kwetu. Mwenye steshenari anapokea flashi za watu kutwa nzima, amechoshwa na virusi, ameweka Ubuntu au Linux Mint. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi, ana kompyuta ya zamani ambayo Windows mpya imeikataa. Mwalimu anatunga mtihani nyumbani usiku. Kompyuta inakwenda vizuri, kisha siku moja printa inanyamaza, na lawama zote zinaiangukia Linux.

Tulilowaitia ni hili: printa ikigoma, usifute kitu wala usiweke draiva (programu ya kuiendesha printa) upya kabla hujajua kazi imeishia wapi. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu karibu kila mtu huanza na kufuta. Ukiiweka printa upya, unaweza kupata foleni ya pili yenye jina lilelile na tarakimu 2 mwishoni, programu ya kuandikia kama LibreOffice inaendelea kupeleka kazi kwenye ile ya kwanza, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Ukibonyeza kuprinti, ukurasa hauruki moja kwa moja hadi kwenye printa. Programu inatengeneza faili, mara nyingi PDF, na kuikabidhi CUPS, mfumo unaosimamia uchapaji. CUPS inaiweka kazi kwenye foleni na kuipa namba, kisha inaipitisha kwenye filta zinazoigeuza kuwa lugha ambayo printa hiyo inaielewa. Filta zikimaliza, programu ndogo inasukuma matokeo kwenye waya. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo inayojua kama upande wa pili wa waya kuna kitu. Mwisho kuna printa yenyewe, karatasi zake na umeme wake. Kila kituo kati ya hivyo kinaweza kuulizwa, na kila kimoja kinajibu. Sisi tunapenda kuanzia mwisho, kwa printa, tukirudi nyuma kuelekea kwenye kompyuta, kwa sababu majibu ya huko hayahitaji amri yoyote.

Chomoa waya wa USB, acha wa umeme. Kama printa ina kioo cha kutolea kopi, weka karatasi juu ya kioo utoe kopi moja. Kama ni leza isiyo na kioo, ina ukurasa wake wa majaribio unaotoka kwa kubonyeza au kushikilia kitufe. Kitabu chake kinasema ni kipi na kwa muda gani. Kopi ikitoka safi, mashine ni nzima, na tatizo liko upande wa kompyuta au waya. Isipotoka, hakuna amri ya Linux itakayokusaidia: tazama karatasi iliyokwama, mfuniko ambao haukufunga vizuri, katriji, wino.

Hapa tutulie kidogo, maana pwani yetu ina mambo yake. Rimu iliyofunguliwa ikaachwa juu ya meza wakati wa mvua hunyonya unyevu. Karatasi zinashikana, printa inavuta mbili kwa pamoja, na leza inazitoa zimejikunja kwa sababu joto la ndani linakausha upande mmoja haraka kuliko mwingine. Acha rimu ndani ya ganda lake, uiweke kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko, na kwenye trei weka karatasi za kazi ya siku hiyo tu. Hewa ya bahari nayo inakula vyuma vya tundu la USB. Waya ambao haujachomolewa miaka miwili unaweza kuonekana mzima kabisa huku miguso yake ndani imeshaota kutu.

Umeme ni habari nyingine. Printa ya wino hutumia wati chache, kwa kawaida chini ya 30 inapochapa. Leza ni tofauti: ile sehemu inayoyeyusha tona juu ya karatasi inapopashwa moto huvuta wati mamia kadhaa kwa mkupuo. Ukiichomeka leza kwenye inveta ndogo ya sola, au kwenye UPS ya kompyuta, itawaka vizuri, taa itakuwa ya kijani, na itazimika au kujiwasha upya pale tu kazi ya kwanza inapoanza. Mwenye printa ataona kazi imekatika na atailaumu draiva. Leza ichomekwe kwenye umeme wa ukutani. UPS iachie kompyuta.

Sasa waya. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, na kwa kweli mita moja na nusu au mbili zinatosha. Usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye ubao mkuu wenyewe. Yale ya mbele yameunganishwa kwa vijiwaya vya ndani ambavyo hulegea. Kisha muulize kerneli. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike hivi (sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi):

    sudo dmesg -w

Ukishaandika, chomoa waya wa printa, hesabu hadi tano, uchomeke tena. Mistari inajitokeza hapohapo. Kama kila kitu ni sawa utaona mstari unaosema kuna kifaa kipya cha USB, na baada ya hapo mara nyingi mstari kama huu:

    usblp0: USB Bidirectional printer dev 5 if 0 alt 0 proto 2 vid 0x03F0 pid 0x2B17

Hizo namba mbili za mwisho ni kitambulisho cha printa. 03F0 ni HP. Canon ni 04A9, Epson ni 04B8, Brother ni 04F9. Namba ya pili ni ya modeli. Lakini ukiona maneno device descriptor read/64, error -71, hapo mazungumzo kwenye waya yanavurugika: badilisha waya, kisha tundu, kwa mpangilio huo. Error -110 ni kwamba kompyuta imeuliza na kungoja hadi ikachoka, printa haikujibu. Na ukiona USB disconnect inatokea katikati ya kazi, kila mara ukurasa wa kwanza unapoanza, rudi kwenye habari ya umeme tuliyotoka kuisema. Kusipotokea mstari wowote kabisa, acha kompyuta. Waya umekufa, au tundu, au printa. Ctrl na C zinakutoa kwenye amri hiyo.

Kuna printa moja ambayo inapaswa kutajwa kwa jina kwa sababu imejaa kwenye maofisi: HP LaserJet P1102. Imetengenezwa na kitu kinachoitwa Smart Install, yaani ikichomekwa inajitambulisha kwanza kuwa ni CD yenye draiva za Windows. Ukiandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, utaiona imo, lakini kwenye Linux itaonekana kama CD iliyowekwa. Wala haijaharibika. Programu ya hplip, ambayo ni draiva ya HP, ikiwekwa na kukamilishwa, kwa kawaida huibadilisha yenyewe kuwa printa. Isipofanya hivyo, kifurushi cha usb-modeswitch hufanya kazi hiyo.

Kerneli ikishaiona printa, swali linalofuata ni kama CUPS nayo inaiona:

    sudo lpinfo -v

Tunasema sudo kwa makusudi. Kwenye Debian, ambayo nayo ni Linux, amri za usimamizi kama lpinfo, lpadmin na cupsenable ziko kwenye folda ambayo mtumiaji wa kawaida haitafuti, hivyo bila sudo utaambiwa amri haipo, na wengi hudhani CUPS haijawekwa. Katika majibu, tafuta mstari unaoanza na direct usb:// au direct hp:/usb. Ukiusoma vizuri utaona mwishoni kuna neno serial na namba ndefu. Namba hiyo ina maana kubwa. Foleni haifungwi kwa modeli ya printa tu, inafungwa kwa printa ile ile yenye namba ile ile. Steshenari ikiazima printa ya modeli moja na ile iliyopelekwa kwa fundi, ikaichomeka mahali pa ile ya zamani, kazi zote zitakaa na ujumbe Waiting for printer to become available, huku printa iko mezani imewaka. Chukua anwani mpya kama lpinfo ilivyoitoa, uipe foleni yako. Hapa tuseme foleni inaitwa Leza:

    sudo lpadmin -p Leza -v "anwani uliyoinakili"

Weka alama za kunukuu, kwa sababu ndani ya anwani mna alama ya kuuliza ambayo terminali inaweza kuielewa vibaya.

Inawezekana pia kerneli inaiona printa lakini mstari wa direct usb haupo. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni ipp-usb. Printa nyingi mpya zinaweza kuongea na kompyuta bila draiva, kwa lugha ya IPP, ileile inayotumika kwenye mtandao, ila ikipita ndani ya waya wa USB. Kazi ya kuzipokea hufanywa na programu ya ipp-usb, ambayo Debian ilianza kuipendekeza pamoja na CUPS kuanzia toleo la 11, mwaka 2021. Ikiishika printa, hakuna mwingine anayeweza kuishika. Kama zamani ulikuwa umeweka draiva ya kampuni, foleni ile ya zamani itangoja milele. Uliza hivi:

    sudo ipp-usb check
    systemctl status ipp-usb
    lpstat -e

Amri ya kwanza inakuambia kama printa yako ni ya aina hiyo. Ya tatu inaonyesha foleni zote unazoweza kuzitumia, hata zile zinazojitengeneza zenyewe. Ikiwa printa imo kwenye orodha kwa jina jipya, itumie hiyo na ufute ile ya zamani. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza, kwa sababu huna draiva ya kutunza. Kama haimo, hakikisha avahi-daemon inafanya kazi, maana ipp-usb hutangaza printa kupitia hiyo hata kama kompyuta haiko kwenye mtandao wowote. Ila kama unalazimika kubaki na draiva ya kampuni, basi ifunge ipp-usb moja kwa moja:

    sudo systemctl mask --now ipp-usb

Kisha chomoa waya, uchomeke tena. Usijaribu kuziacha zote mbili.

Tumefika kwenye foleni, na hapa ndipo printa nyingi za huku kwetu hukutwa zimelala. Kompyuta ni laptop, ina betri. Printa haina. Umeme unakatika katikati ya ukurasa, laptop inaendelea, CUPS inaona waya umekufa kazi ikiwa mkononi. Foleni nyingi zimewekewa kanuni ya stop-printer, yaani kosa likitokea, simamisha foleni. Umeme unarudi, printa inawaka, taa ni ya kijani, kila kitu kinaonekana sawa, na hakuna kinachotoka. Mtu anabonyeza kuprinti mara nane. Andika:

    lpstat -t

Mstari wa kwanza unakuambia kama CUPS yenyewe inafanya kazi; inapaswa kusema scheduler is running. Isiposema hivyo, sudo systemctl restart cups. Kisha tafuta mstari wa foleni yako. Ukikuta neno disabled, umepata jibu. Kabla ya kuifungua, tazama kazi zilizojipanga, kwa sababu zile nane zote zitatoka:

    lpstat -o
    cancel Leza-58
    sudo cupsenable Leza

Neno lingine unaloweza kulikuta ni not accepting requests. Hilo ni mlango wa kuingilia foleni, hufunguliwa kwa sudo cupsaccept Leza.

Kama umeme kwenu unakatika mara kwa mara, badilisha kanuni ili foleni ijaribu tena yenyewe:

    sudo lpadmin -p Leza -o printer-error-policy=retry-job

Lakini jueni gharama yake. Kazi iliyokatika hairudii pale ilipoishia, inaanza ukurasa wa kwanza. Kwa barua ya ukurasa mmoja haina neno. Kwa mtihani wa kurasa 60 uliokatika baada ya kurasa 40, ni karatasi na tona zinapotea. Kazi kubwa ifute, uipeleke iliyobaki kwa mkono:

    lp -d Leza -P 41-60 mtihani.pdf

Sasa sikilizeni kisa kingine, cha foleni isiyosimama, kazi inaandikwa imekamilika, na hakuna karatasi, au zinatoka karatasi zenye upuuzi. Hapa kazi imefika hadi kwenye printa ikiwa katika lugha ambayo printa haiielewi. Ukurasa wa kwanza ukianza na %!PS-Adobe, printa imepelekewa PostScript wakati haijui PostScript, na itaendelea kuchapa maandishi ya programu hadi rimu iishe. Nyingine inatoa karatasi baada ya karatasi, kila moja ina mstari mmoja wa alama za ajabu juu kabisa. Wengi huzima printa. Wakiiwasha, inaanza tena, kwa sababu CUPS bado inayo kazi na inaisukuma upya. Fuateni mpangilio huu: vuta trei ya karatasi, chomoa waya wa USB, kisha kwenye kompyuta andika

    sudo cancel -a -x

Hakikisha lpstat -o haitoi kitu. Hapo ndipo uzime printa, ungoje kidogo isahau iliyokuwa nayo ndani, uiwashe, urudishe karatasi, na waya uwe wa mwisho.

Baada ya hapo ndiyo unaruhusiwa kuigusa draiva, kwa sababu sasa una ushahidi. Kwa Epson za matangi, za L, kifurushi ni printer-driver-escpr. Brother nyingi za leza zinakwenda vizuri na printer-driver-brlaser. Samsung za zamani, printer-driver-splix. HP, hplip.

HP tunazidi kuziongelea kwa sababu zina mtego. Baadhi ya modeli, P1102 ikiwemo, zinataka nyongeza ambayo haimo ndani ya Linux na lazima ishushwe kwa intaneti kwa amri ya hp-plugin. Bando lako liwe tayari. Nyongeza hiyo lazima ilingane na toleo la hplip lililopo. Ukisasisha kompyuta, hplip ikapanda toleo, printa iliyokuwa ikifanya kazi jana inakataa leo hadi uendeshe hp-plugin tena. Na zipo LaserJet 1018 na 1020, ambazo ndani hazina programu yake mwenyewe: kila zikiwashwa, kompyuta huzipelekea programu hiyo kupitia waya. Umeme ukikatika zinaisahau. Kwa kawaida hupelekewa zenyewe zikichomekwa, lakini kama 1020 imewaka na iko kimya baada ya umeme kurudi, andika hp-firmware kabla hujafanya jambo jingine lolote. Canon LBP2900 nayo tuiseme wazi: inatumia lugha ya CAPT, draiva yake ya Linux ni ya zamani na inahitaji programu ya ccpd iwe inaendeshwa muda wote. Inawezekana kuifanya ifanye kazi. Lakini mtu akituuliza kabla hajainunua kwa ajili ya Linux, tunamwambia asiinunue. Atafute yenye kuandikwa AirPrint au IPP Everywhere, yaani inayochapa bila draiva, hata kama ataitumia kwa waya tu.

Kujua kama kosa ni la filta, jaribu vitu viwili vyepesi:

    lp -d Leza /etc/hosts
    lp -d Leza /usr/share/cups/data/default-testpage.pdf

Cha kwanza ni maandishi matupu, cha pili ni PDF yenye picha. Zote zikitoka, CUPS haina kosa, na tatizo ni faili la mteja au programu unayochapia. Zisipotoka, fungua logi, yaani kumbukumbu ya CUPS yenyewe:

    sudo cupsctl --debug-logging
    lp -d Leza /etc/hosts
    sudo grep "Job 59" /var/log/cups/error_log

Weka namba ya kazi yako, ile ambayo lp imekupa. Mistari ni mingi, msiogope. Tafuteni maneno stopped with status, Filter failed, au No such file or directory. Hilo la mwisho limewachanganya watu sana kwenye draiva za zamani za Brother. Unatazama kwenye folda, faili lipo, lakini logi inasema halipo. Sababu ni kwamba draiva ile ilitengenezwa kwa mfumo wa biti 32, kompyuta yako ni ya biti 64, na kinachokosekana ni maktaba ya kuiendesha, si faili lenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install libc6:i386

Ukikuta No space left on device, diski imejaa. Thibitisha kwa df -h /var.

Kosa jepesi kuliko yote, na linalopoteza muda kuliko yote, ni saizi ya karatasi. Printa imejaa karatasi, taa ya karatasi inawaka na kuzima, ukibonyeza kitufe ukurasa unatoka, wa pili unangoja tena kubonyezwa. Foleni imewekwa saizi ya Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na wewe umeweka A4, milimita 210 kwa 297. Printa inaomba karatasi ambayo Mtwara nzima hakuna anayeiuza.

    sudo lpadmin -p Leza -o PageSize=A4
    lpoptions -p Leza -l | grep PageSize

Nyota iwe kwenye A4. Kama PDF ya mteja ndiyo yenye Letter, ongeza -o fit-to-page kwenye amri ya lp.

Kuna printa chache zinazochapa kazi ya kwanza vizuri, ya pili haitoki hadi uchomoe waya na kuuchomeka tena. Hizo zinachanganywa na namna CUPS inavyoiachia na kuishika printa kati ya kazi na kazi. Jaribu moja kati ya hizi, ya kwanza kwanza:

    sudo lpadmin -p Leza -o usb-no-reattach-default=true
    sudo lpadmin -p Leza -o usb-unidir-default=true

Ya pili inaifanya kompyuta iongee bila kungoja kusikiliza, kwa hiyo hutapata tena taarifa za wino.

Wenye Mac, amri za lpstat, cancel na cupsenable ni zilezile. CUPS ilianzishwa na Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990, na Apple iliiingiza kwenye Mac OS X 10.2 mwaka 2002. Mac haina lsusb. Kifaa utakitazama kwenye System Information. Wa FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, printa yenu inaitwa ulpt0 badala ya lp0, na mara nyingi kinachokwamisha ni ruhusa ya kundi la cups kwenye kifaa hicho, ambayo hurekebishwa kwenye devfs.rules.

Wenye steshenari, tuna neno na ninyi. CUPS ikishachapa, kwa kawaida hulitunza faili la mteja siku nzima ndani ya /var/spool/cups, kwa majina kama d00059-001. Humo mna wasifu wa watu wanaotafuta kazi, vitambulisho vya NIDA, majibu ya hospitali, mitihani ambayo bado haijafanywa. Mtu mwenye sudo kwenye kompyuta yako anaweza kuyafungua. Kama hamtaki yabaki, wekeni mstari huu kwenye /etc/cups/cupsd.conf, muwashe CUPS upya:

    PreserveJobFiles No

Mkifanya hivyo, mtakuwa mmepoteza uwezo wa kurudia kazi ya mteja bila flashi yake. Kwetu sisi, siri ya mteja inatangulia.

Mkikwama kabisa mkataka msaada wa fundi aliye mbali, msimtumie picha ya printa. Mtumieni majibu:

    (lsusb; lpstat -t; sudo lpinfo -v; sudo tail -n 200 /var/log/cups/error_log) > printa.txt

Kabla ya kutuma, fungueni faili hilo mlisome, maana majina ya mafaili ya wateja huweza kuwemo. Na mkimaliza uchunguzi, zimeni ile logi ndefu kwa sudo cupsctl --no-debug-logging, la sivyo itaendelea kukua kwenye diski kila mnapochapa.

Waliokuja na printa zao, zileteni huku mbele pamoja na nyaya zake, wa umeme na wa USB. Leza zikae upande wa soketi za ukutani. Tutaanza na dmesg, mmoja mmoja, na kila mtu aandike mwenyewe kwa mkono wake.